Jina la Kifaransa na Nyama ya Pongo

Jumamosi, 4 Julai 1953

Leo nimekataliwa. Si waziwazi. Mzee Donatus ni mtu wa adabu. Alinipa kiti, akanipa maziwa, akaniuliza swali moja, na swali lenyewe likanikataa kwa niaba yake.

Nilipanda lori la mbao kutoka Geita hadi kwake Katoro. Shati jeupe. Kaptula ya pasi kali. Nywele nimezipaka mafuta mpaka nzi wanateleza. Hotuba niliiandaa wiki nzima: kwamba mimi, Bartholomeo Dumoulin, karani wa stoo ya mgodi, msomi, Mkristo, nampenda binti yake Generosa na nakusudia kuleta washenga. Sikumaliza hata sentensi ya kwanza.

"Kijana," akasema, "ninyi ni ukoo gani?"

Nikasema sisi ni akina Dumoulin. Akasema hilo jina amelisikia, ni zuri, lakini yeye anauliza ukoo. Watu wangu ni akina nani? Wamezikwa wapi? Hawali nini? Nikajibu kwamba baba yangu kazikwa misheni Ushirombo. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba kaburi moja si ukoo. Kwa Wazinza mtu hamtoi binti yake kwa mtu aliyetokea hewani.

Generosa alikuwa uani anapepeta mtama. Alisikia yote. Hakuinua macho, lakini ungo ulisimama.

Basi niandike ukweli, humu hakuna anayesoma. Marehemu baba yangu, Stefano, aliletwa misheni akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mapadre walimkomboa kutoka msafara wa watumwa. Hakujua kwao. Hakuijua hata lugha ya mama yake. Wafaransa wakampa ubatizo, useremala, na jina la Dumoulin. Mama naye alilelewa na masista, hivyo hivyo, bila kwao. Maisha yake yote, kila mgeni akipita barabarani, baba alimsimamisha, akamuuliza atokako, kisha akamtazama usoni hadi mgeni akaona haya. Mimi nilikuwa namwonea aibu. Leo, ndani ya lori la kurudi, nimejikuta namtazama dereva vile vile.

Jumapili, 5 Julai

Baada ya misa nimekutana na Mabula. Huyu ni dereva wa winchi pale mgodini, Msukuma wa Ibadakuli. Ana baisikeli. Ana ng'ombe. Ana mababu wengi kiasi kwamba akianza kuwataja unaweza kwenda kuteka maji ukarudi ukamkuta bado yuko kwa babu wa nne. Na yeye anamtaka Generosa! Amesikia ya jana, sijui kwa nani, maana Katoro mtu akipiga chafya Geita wanasema afya.

Akaniambia, anafuta vumbi kwenye kengele ya baisikeli yake, kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Nikamuuliza na asiyepajua kwao je? Akacheka, akapiga kengele, akaondoka. Swali limebaki kwangu, na ndiyo maana sikulala mchana.

Jioni nimemweleza Gregory, mwenzangu wa chumba, Mnyamwezi, mpishi wa wazungu wa mgodi. Gregory ni mtu wa busara isipokuwa akinywa, na leo alikuwa hajanywa. Akasema ukoo ni vitu vitatu: asili, wazee na mwiko. Mwenye hivyo ana ukoo.

Nikaruka kitandani. Kumbe ni vitu vitatu tu! Asili ninayo, ya Ufaransa, mahali ambapo Mabula hawezi kwenda kuuliza hata kwa baisikeli. Wazee watapatikana kilabuni. Mwiko nitauchagua. Dumoulin! Jina kama hilo haliwezi kukosa ngome, farasi na mabibi wenye magauni marefu nyuma yake.

Alhamisi, 9 Julai

Nimeomba ruhusa. Nimesema jino. Bwana mkubwa akataka kuliona. Nikamwonyesha lililo zima, akasema kweli ni baya sana. Kesho Ushirombo.

Ijumaa, 10 Julai. Ushirombo

Nimefika nimekuwa mwekundu kwa vumbi kama tofali. Nimepita kaburini kwa baba kwanza. Nimemwambia nakwenda kutafuta asili yetu. Nimeng'oa magugu mawili matatu, nikaondoka.

Padri Anselmi ndiye Mfaransa wa mwisho anayeikumbuka siku baba alipoletwa. Mzee sana, ndevu zimefika tumboni, anaongea Kiswahili cha Kisumbwa. Shikamoo padri. Marahaba mwanangu, wewe ni wa Stefano, una masikio yake. Akanipa kahawa chungu. Nikamuuliza asili ya jina la Dumoulin, nikachomoa penseli.

Ngome hakuna.

Farasi hakuna.

Padri amesema hapo kale, huko kwao, watu walikuwa na jina moja tu la ubatizo. Kijiji kizima akina Yohana. Ukimwita Yohana wanageuka kumi, na wanaotakiwa kulipa kodi hawageuki. Basi wakaanza kusema Yohana wa mtoni, Yohana mwekundu, Yohana mhunzi. Na yule aliyeishi penye kinu cha kusagia unga akaitwa Yohana wa Kinuni. Ndiyo Dumoulin. Watoto wake wakabaki wa Kinuni, na wajukuu, hata walipohamia mjini na kinu kikaoza wakakisahau.

Wasaga unga! Nimesafiri kutwa nzima juu ya magunia ya pamba kuja kuambiwa kwamba sisi ni wasaga unga! Kwetu kusaga ni kazi ya wanawake, na jiwe, na nyimbo za kuwasema wakwe. Nikamwuliza padri kama hawa Yohana walikuwa angalau matajiri. Akafikiri. Akasema kile kinu kilizungushwa na maji ya mto, na mwenye kinu alikuwa mtu mkubwa kijijini, na kila mtu aliamini anaiba unga. Nimeandika: "mtu mkubwa, mwenye mto."

Halafu nikauliza ilikuwaje jina hilo likamfikia baba. Hapo padri akaweka kikombe chini.

Kulikuwa na mjane katika mji mdogo, muuza mishumaa, Mama Dumoulin. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Etienne, yaani Stefano. Akafa kwa homa, mdogo bado. Mama yule akatoa sadaka yake kwa ajili ya kumkomboa mtoto mmoja wa Afrika, na akaomba kitu kimoja tu, mtoto huyo aitwe jina la mwanawe lote, la ubatizo na la ukoo.

"Alitaka jina liitwe," akasema padri. "Liitwe jioni, wakati wa kula, hata kama yeye hasikii."

Kwa hiyo baba yangu alikuwa na mama mmoja aliyempoteza na mama mwingine aliyempata bila kuonana naye. Na mimi ni wa mwisho. Mjane yule hakuwa na mwingine. Nikifa bila mtoto, hakuna atakayeliita tena.

Nimelala nyumba ya wageni. Nimelia kidogo. Kisha nimeanza kupanga namna ya kulisema hili kwa Mzee Donatus bila mishumaa.

Jumamosi, 11 Julai

Nimerudi. Asili tayari: "Sisi ni ukoo wa wenye mto mkuu wa Ufaransa, hakuna aliyekula bila idhini yetu." Gregory amesema imekaa vizuri.

Sasa mwiko. Tumekaa mlangoni tunachagua.

Samaki? Haiwezekani. Nampenda sato kuliko jamaa zangu, ambao sina. Kuku? Ukiwa mkwe unachinjiwa kuku, utakuwa mwendawazimu. Maharage? Nilitamani sana, lakini posho ya mgodi ni maharage, nitakufa njaa. Kambare nikasita, ana ladha yake.

Ndipo nikakumbuka kwamba baba alikuwa hali nyama ya pongo, yule swala wa vichakani. Mapadre wakiua pongo porini misheni nzima ilifurahi, ila yeye alitoka nje akakaa hadi masufuria yaoshwe. Ukimuuliza kwa nini, alisema mdomo wake haumtaki. Mimi niliona ni tumbo. Lakini kwa kazi hii anafaa kabisa! Pongo kumpata ni shida. Ukimkataa hupotezi kitu. Mwiko wa bei nafuu.

Gregory akasema ni vizuri kwanza niulizie watu wa Generosa wao hawali nini. Nikamwambia ya nini, sikualikwa kuwapikia. Akanitazama. Akasema haya.

Jumapili, 19 Julai

Sijui nianzie wapi.

Tulifika Katoro watu wanne. Gregory akiwa baba mdogo. Wazee wawili wa kilabuni, nimewaogesha mwenyewe, mmoja akiwa babu na mwingine akiwa babu wa upande wa pili. Nimewaambia wasiseme kitu. Babu wa upande wa pili akaanza kuimba tangu kwenye lori.

Ndani walikuwepo Mzee Donatus, ndugu zake wawili, na dada yake mkubwa, Bibi Eufrasia, mwanamke mwenye jicho moja linaloona mambo ya macho manne. Ndiye mjuzi wa koo. Wote walimgeukia yeye kila jambo.

Nilianza vizuri! Nimesema kuhusu mto mkuu. Nimesema kuhusu kinu kilichozungushwa na maji, na nikaona Mzee Donatus anavutiwa, akauliza maji yanazungushaje jiwe, nikamchorea kwa kijiti. Nimesema jinsi jina letu lilivyotoka Ufaransa kwa upendo wa mama mmoja mkubwa. Hapo sauti ilinikatika bila kupangwa. Generosa alikuwa mlangoni kwa mama yake, akaweka mkono kifuani. Mungu wangu! Nikajua nimeshinda.

Bibi Eufrasia akauliza hatuli nini.

Nikavuta pumzi. Nikasema kwa fahari kwamba akina Dumoulin, tangu enzi, hatuli pongo.

Kuku alipita katikati ya nyumba, hakuna aliyemfukuza.

Bibi akauliza nani kanifundisha hilo. Nikasema ni baba, Stefano, hakumla maisha yake yote. Akauliza na ngozi yake je. Nikafikiri anataka hadithi inoge, nikamwongezea. Nikasema padri mmoja alikuwa na kiti kilichowambwa ngozi ya pongo, na baba aliitwa kunywa divai ya Noeli, akasimama usiku mzima, hakukikalia. Na wakati nasema nikagundua kwamba hilo sikulitunga. Lilitokea. Nilikuwa mtoto, nimeshika suruali yake.

Bibi Eufrasia akaanza kulia kwa jicho lake moja. Akasema zamani zile za vita na njaa walichukuliwa watoto wengi huku kwao, wakapelekwa njia ya Ushirombo, na akina mama walikuwa wakiwaambia watoto wakiwa bado wananyonya: usimle pongo, usiikalie ngozi yake, popote utakapokuwa, ili wenzako wakujue. Akasema hajui huyu Stefano ni wa nyumba ipi, waliopotea ni wengi, lakini mwiko wa namna hii mtu hauokoti njiani. Kisha akanyoosha mikono.

"Huyu ni wetu," akasema. "Karibu nyumbani, mwanangu."

Wote wakaniangukia! Mzee Donatus ananikumbatia, shangwe, vigelegele, babu yangu wa kukodi analia kuliko wote. Na mimi nacheka kama mjinga, nawaza hii posa imekwenda vizuri namna gani. Mpaka Gregory akanivuta sikio akaninong'oneza kwamba watu wa mwiko mmoja ni ndugu. Hawaoani. Kamwe. Ndicho alichotaka nikaulizie.

Generosa alinisindikiza hadi barabarani, kama dada anavyomsindikiza kaka. Tulipoona vumbi la lori akasimama.

"Ungesema kambare, Bartholomeo," akasema. "Kambare tu."

Kumbe alinipenda! Amelisema siku ambayo haina faida.

Jumatano, 22 Julai

Nimetoa sabuni kwa walioomba misumari. Nimetoa misumari kwa walioomba sabuni. Mabula amekuja dirishani kunipa pole. Ameniita shemeji.

Ijumaa, 24 Julai

Nimepata! Usiku mzima nimewaza na nimepata!

Kama asiyekula pongo ni ndugu yao, basi anayekula pongo si ndugu yao. Nitamla! Hadharani, mbele ya Mzee Donatus na Bibi Eufrasia, nitatafuna pongo mzima, na kila tonge litanitoa ukoo. Nikifika mfupa nitakuwa mgeni kabisa, naye Generosa ataweza kuolewa na mgeni.

Gregory amesema kwamba hata kama itafaulu, nitakuwa nimerudi kule kule kwa asiye na ukoo, na swali la kwanza litakuwa lile lile. Nikamwambia hatua moja kwa wakati wake. Kuna mwindaji kule Nyang'hwale anauza nyama iliyokaushwa.

Jumapili, 26 Julai. Katoro

Naandika kwa shida. Midomo imevimba, penseli siioni vizuri kwa sababu ya mashavu.

Nilifika wakati wa kula. Nikasema nina neno. Nikafungua kifurushi. Nikasema hiki ni pongo, tazameni, na mimi namla, kwa hiyo mlikosea, mimi si wenu. Mama Generosa akafunika uso. Bibi Eufrasia alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto akipanda paa.

Tonge la kwanza. Halikushuka. Nikalisukuma na maji. La pili. Baba alikuja machoni pangu, amesimama kando ya kile kiti. Nikatafuna huku machozi yananitoka. La tatu sikulifikia.

Ikaanza midomo. Kisha macho. Kisha mwili mzima mapele, najikuna kama mbwa wa sokoni, nikaanguka juu ya mkeka wao. Mzee Donatus alikuwa ananishika kichwa, sauti yake inatetemeka kwa furaha, akiwaambia majirani waliojaa mlangoni: Mnaona? Mnaona? Damu imekataa!

Mimi naamini mwindaji aliniuzia nyama mbovu. Lakini nenda kamwambie mtu Katoro.

Jumanne, 28 Julai. Katoro

Bado nimelala. Nimebaki nyumbani kwa Mzee Donatus. Nduguze wawili waligombana nilale kwa nani. Waligombana kweli, kwa sauti, juu yangu mimi! Mmoja alisema kwake kuna kitanda, mwingine akasema kitanda cha kamba si cha mgonjwa. Sijawahi kugombewa.

Mama Generosa ananiogesha kwa majani, ananisema kwa kula upuuzi. Bibi Eufrasia anakaa kando yangu. Jana aliniambia nilitaje jina la baba. Nikasema Stefano Dumoulin. Akalirudia, taratibu, kwa lafudhi yake ya Kizinza, mara mbili tatu, ili alizoee. Akasema sasa tambiko likifanyika jina hilo litaitwa pamoja na ya wengine. Hataki kulibadilisha. Amesema mama aliyemlinda mtoto wao kwa jina la mwanawe aliyekufa naye ana sehemu yake, wala hajali kama alikuwa na mto au hakuwa nao.

Sikumwambia kwamba aliuza mishumaa. Kisha nikamwambia. Akasema afadhali, mishumaa ni kazi safi.

Nimegeukia ukutani. Baba, kama ungesimama barabara hii badala ya ile! Mwendo wa lori siku moja tu. Ulimuuliza kila mgeni na hapakupita aliyejua.

Generosa ameniletea uji. Ameniita kaka. Ni neno dogo, hata halina makali, na nimeshindwa kumeza uji.

Jumapili, 16 Agosti. Katoro

Washenga wa Mabula wamekuja. Na mimi, kwa mujibu wa mila, nimekaa upande wa bibi harusi. Kaka wa msichana ana nguvu! Anaweza kuuliza lolote. Nilipogundua hilo moyo ulipasuka kwa matumaini.

Nikawauliza ukoo. Wakajibu. Nikataka mababu. Mabula akaanza kuwataja, akafika wa tisa, nikasema simsikii vizuri, arudie kutoka mwanzo. Akarudia. Nikasema wa sita mara ya kwanza alikuwa na jina jingine. Washenga wakatazamana. Nikauliza babu wa sita alizikwa wapi, kichwa kimeelekea wapi, nani shahidi. Nilikuwa nashinda kweli! Nikaona jasho la Mabula. Bado kidogo angenyanyuka aondoke.

Nikamtazama Generosa nione kama anafurahi. Hakuwa anafurahi. Alikuwa ananitazama kwa huruma, na alitikisa kichwa kidogo sana, hakuna mwingine aliyeona. Hatakuwa wangu hata Mabula akiondoka. Wala hata akija mwingine, na mwingine.

Nikasema nimeridhika na mababu.

Jumamosi, 12 Septemba. Katoro

Ameolewa. Mimi ndiye niliyemtoa ndani, nimemshika mkono. Kiganja chake kilikuwa na joto. Aliniambia nisiache kula. Mabula ana suti. Sitaki kuandika zaidi.

Jumapili, 18 Oktoba. Runzewe

Wazee wangu (naandika tena kwa raha: wazee wangu!) walisema sitakiwi kukaa nikikonda. Wakanitafutia msichana. Philomena, binti ya Mzee Herman, Msumbwa wa huku Runzewe, mtu mzito, mwenye sheria. Mzuri. Anacheka kwa kufunika mdomo. Nilimsikiliza nione kama kicheko chake kitafanana na cha mtu fulani. Hakifanani. Nimejitahidi kusikiliza tena.

Walikuja nami wote: Mzee Donatus, nduguze wawili, na Bibi Eufrasia, ambaye goti linamuuma na hakukubali kubaki. Lori likaharibika njiani. Tukatembea asubuhi hadi jua la utosini bila kitu tumboni. Njia nzima Mzee Donatus alikuwa anaongea habari ya mbuzi. Msumbwa akikupokea, alisema, anachinja. Mbavu anazibanika hivi. Maini anayafanya vile. Tulipoingia uani mbuzi alikuwa tayari amening'inizwa, mafuta yanalia motoni, na nilisikia tumbo la Mzee Donatus likimjibu.

Tukakaa. Mzee Herman akauliza ukoo. Mzee Donatus akaujibu, wote, vizuri, mpaka nikasisimka. Akauliza hatuli nini. Na kwa heshima, Bibi Eufrasia akanigeukia mimi. Aseme mwenye haja.

Nilikuwa natakiwa kusema neno moja. La kweli! La bure!

Lakini nikamtazama yule mzee nikaogopa. Je, kama nao hawali pongo? Je, Philomena naye akiwa dada? Nitapata dada wangapi? Kichwa kikaenda mbio. Kikatafuta mnyama ambaye hakuna ukoo chini ya jua unaomkataa, ili nisiwe ndugu wa mtu yeyote tena. Nikampata.

"Hatuli mbuzi," nikasema.

Mzee Herman akashtuka. Akatazama motoni. Akawatazama wazee wangu, mmoja baada ya mwingine, akauliza kwa masikitiko kama ni kweli.

Nikafumba macho. Nikajua yameisha, sasa wataniumbua, na haki yao.

"Ni kweli," akasema Mzee Donatus, sauti kavu. "Sisi hatuli mbuzi." Nduguze wakaitikia, hatuli. Bibi Eufrasia akasema tangu enzi.

Wakaketi pale, watu wanne wenye njaa ya kutwa, wakala ugali kwa majani ya maboga huku moshi wa mbavu ukiwapita puani. Hakuna aliyenitazama. Mimi ndiye niliyewatazama. Sisi! Baba alikufa hajawahi kusikia neno hilo likimhusu. Ningetoa chochote angekuwa pale, ashike ugali mkavu ule na watu wale.

Na Mzee Herman amekubali! Amesema tangu azaliwe hajaona watu wanaoshika mwiko hivi, wanamtazama mbuzi ananukia na hakuna anayeyumba. Ukoo wa namna hiyo anaupa binti macho yamefumbwa.

Tukiondoka Bibi Eufrasia aliegemea bega langu kwa sababu ya goti. Akasema hawa Wasumbwa pongo wanamla, ameona ngozi yake ukutani, na laiti ningeuliza kwanza, sote tungekuwa tumeshiba. Nikasema shikamoo bibi, nisamehe. Akasema marahaba, tembea.

Sasa naandika kwenye kibanda cha kungojea lori. Mzee Donatus amelala amejikunja, anaota, midomo inatafuna. Kuna tatizo moja dogo. Mzee Herman ametangaza kwamba kwa heshima yetu harusini hapatachinjwa mbuzi hata mmoja, wala siku zote zijazo tukiwa wakwe zake, na Mzee Donatus aliposikia alishika ukuta. Lakini nimeshafikiri. Nitamwambia Mzee Herman kwamba sisi akina Dumoulin wa Ufaransa, kwa ajili ya wema wa bibi yetu wa mishumaa, tumefunguliwa mwiko wa mbuzi na Baba Mtakatifu mwenyewe, kuanzia mwaka huu. Nani atakwenda Roma kuuliza?